Kielelezo Namba Nne

Dakika tano za Lilungu, Mfaume,
nne ziliishia kwenye salamu za watu,
na ya tano ukaulizia bati la jikoni kama bado linavuja.
Linavuja.
Mengine nayasema huku njiani, peke yangu,
bakuli likiwa mapajani.

Siku ile hukuona walivyohesabu,
ulishakalishwa chini, uso ukutani.
Magunia kumi na moja ya korosho: moja.
Mzani wa kuning'iniza: mbili.
Baiskeli ya kaka yako, na pampu yake: tatu.
Kisha yule kijana mwenye kalamu akaingia jikoni
akatoka na bakuli langu la bati,
lile la maua mekundu, alilonipa mama nikiolewa.
"Hili ndilo kangomba lenyewe," akasema, "humu ndimo mlimopimia."
Nikamwambia, afande, humo mna uji.
Akamwaga uji.

Kituoni Newala nimekwenda mara sita.
Mara ya kwanza mwenye funguo yuko semina.
Ya pili mwenye funguo yupo, funguo hazipo.
Ya tatu nikaulizwa risiti ya bakuli.
Nani, Mfaume, huomba risiti kwa mama yake?
Ya nne nilikaa kwenye benchi mpaka benchi likahitajika.
Ya tano nilikwenda na jogoo.
La jogoo sitaki kulisema.

Na dhamana, usidhani nimelala.
Walitaka mtumishi wa serikali, mwenye barua na kitambulisho.
Mtumishi tunayemjua ni mwalimu Nachundu,
naye unakumbuka unavyomkwepa tangu msimu wa juzi.
Nilimfuata hata hivyo. Alinikaribisha chai.
Chai tu.

Mahakamani ulikuwepo, lakini ulikuwa unatazama miguu yako.
Upelelezi haujakamilika, mpaka tarehe kumi na nne.
Korosho zinaharibika, ziuzwe, fedha zitunzwe.
Mzani ubaki. Baiskeli ibaki.
Alipofika kwenye bakuli hakimu akavua miwani,
akaligeuza huku na huku,
akasema lipigwe picha, lirudishwe kwa mwenyewe.
Watu wakacheka. Nami nikacheka,
nikatia sahihi mahali patatu,
nikatoka na ushindi wangu kwapani.

Ila wameliandika. Ndani, kitakoni,
kwa ile wino ya kuandikia makasha: KIEL. NA. 4.
Nimelisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu,
nikaazima msasa kwa fundi Chilumba.
Yanayotoka ni maua.
Sijali ndiyo kwanza anajifunza tarakimu,
anakunywa uji mpaka aione, kisha anapiga kelele:
"Mama, nimefika nne!"
Siku hizi anamaliza uji wote. Sijui nimshukuru nani.

Leo nikakuletea ming'oko humo humo.
Askari wa langoni aliuvunja mmoja mmoja,
akichungulia ndani ya mzizi kama anayesoma barua,
kisha akaniamuru nionje.
Nikaonja. Chumvi imezidi.
Nikajua utalalamika, nikafurahi kabla hujalalamika.

Hukulalamika.
Ulikula kama mtu anayechimba,
ukishuka, ukishuka,
hata ulipokaribia chini mkono ukasita.
Uliisoma. Nilikuona ukiisoma.
Ukauchukua mng'oko wa mwisho,
ukaulaza juu ya ile nne, taratibu, kama unamfunika mtoto,
ukanirudishia bakuli kwenye nondo
na kuniuliza habari za bati.

Upo hapa bado, umepoa, umekauka ncha.
Dereva anasema Nanyamba hatusimami.
Nina njaa, Mfaume, sijala tangu alfajiri,
nami siugusi.
Nitamfikishia Sijali hivyo hivyo ulivyouacha.
Atauinua mwenyewe.